Doa Jeupe Kabla ya Tundu: Peptidi za Enameli na Meno ya Watu wa Pwani

Mgonjwa wa meno katika Bagamoyo, kama ilivyo Mlingotini, Zinga na vijiji vilivyosambaa kaskazini hadi Saadani, kwa kawaida hufika kituoni akiwa ameshika shavu. Usiku uliotangulia hakulala. Amekwisha kubana karafuu kwenye jino, amesukutua kwa maji ya chumvi, amemeza vidonge vya maumivu alivyonunua dukani, na sasa anachotaka ni kimoja tu: jino litoke. Tabibu wa kinywa na meno humchunguza, huona tundu lililokwisha kufika kwenye kiini cha jino, na mara nyingi hulazimika kulitimiza ombi lile. Mgonjwa hurudi nyumbani akiwa ameuma pamba. Maumivu yamekwisha, na jino limekwisha pia.

Habari za peptidi zinazoiga maumbile, zile zinazosemwa kuwa hujenga upya enameli ya jino, zinapaswa kupimwa mbele ya mgonjwa huyu. Habari hizo hufika kwenye simu za mkononi zikiwa zimekatwa kichwa na mkia: kwamba Ulaya imepatikana dawa ya kuotesha meno, kwamba kuziba na kung'oa kumepitwa na wakati. Mgonjwa huuliza, na mhudumu wa afya asiye na jibu huchagua moja kati ya mawili, ama kucheka ama kuahidi. Yote mawili ni makosa, kwa kuwa sayansi yenyewe ni ya kweli na ina mipaka yake.

Enameli ni tabaka la nje la jino, nalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo haidroksiapataiti. Seli zinazoitengeneza hufanya kazi jino likiwa bado limefichika ndani ya fizi, zikimaliza, hutoweka. Mfupa uliovunjika huunga kwa sababu una seli zilizo hai. Enameli haina. Jino likishachomoza, enameli lililo nayo ndiyo litakayokuwa nayo maisha yote, na kinachoweza kuikarabati ni kemia ya mate tu.

Kemia hiyo si dhaifu. Mate yamebeba kalsiamu na fosfeti, na kila mtu anapokula kitu chenye sukari, bakteria walio kwenye utando wa jino huigeuza sukari kuwa asidi. Kipimo cha pH kinaposhuka hadi karibu 5.5, madini huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli; mate yanapoifuta asidi, sehemu ya madini hurudi. Mvutano huu hutokea mara nyingi kila siku kwenye kinywa cha kila mtu. Jino huoza pale upotevu unapozidi marejesho kwa miezi na miaka. Na jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui ni kwamba tundu si mwanzo wa ugonjwa. Mwanzo wake ni doa jeupe, kama chaki, lisilouma, ambalo huonekana vizuri zaidi jino linapokaushwa. Juu ya doa hilo uso wa enameli bado ni mzima. Chini yake madini yamepungua na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho vimejaa maji. Hatua hiyo inaweza kurudishwa nyuma. Tundu likishafunguka, hairudi.

Peptidi zinakusudia hatua hiyo ya doa jeupe. Iliyochunguzwa zaidi ni ile iitwayo P11-4, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 11 tu. Ikiwa majimaji, hupenya kwenye vitundu vya doa. Ikikutana na hali ya ndani ya doa hilo, minyororo hujipanga yenyewe, mmoja kando ya mwingine, hadi ikawa nyuzinyuzi. Nyuzi hizo huvuta kalsiamu kutoka kwenye mate, na fuwele mpya huanza kujengeka juu yake, kwa namna inayofanana na kazi ya protini za asili jino lilipokuwa likiumbwa. Fundi wa chokaa wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo angeielewa haraka: kwanza kiunzi, kisha chokaa ishike. Ila fundi huyo pia angeuliza chokaa inatoka wapi, na jibu ni kwamba inatoka kwenye mate ya mgonjwa mwenyewe. Peptidi haiji na madini. Kinywa kilichokauka, au kinachomiminiwa soda kutwa nzima, kitabaki na kiunzi kitupu.

Matumizi yake si magumu. Jino husafishwa, uso wa doa hufunguliwa kwa asidi ya fosfori kwa sekunde chache, huoshwa na kukaushwa, kisha tone la peptidi huwekwa na kuachwa dakika kadhaa. Hakuna sindano wala mashine ya kuchimba. Jaribio la kwanza la usalama kwa watu, lililochapishwa mwaka 2013, lilihusisha watu wazima 15. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watoto 70 wenye madoa kwenye magego ya kudumu yaliyokuwa yakichomoza. Waliopewa peptidi pamoja na vanishi ya floridi walionekana kupata nafuu zaidi kuliko waliopewa vanishi peke yake. Tafiti nyingine zimefuata, nyingi zikiwa ndogo na za muda mfupi, na si zote zinazokubaliana. Huko Marekani, kundi la Mehmet Sarikaya katika Chuo Kikuu cha Washington limefuata njia ya jirani, likitumia peptidi iliyotokana na amelojenini, protini inayoongoza uundaji wa enameli. Kazi yao ya mwaka 2018 ilikuwa ya maabara.

Kwa wahudumu wa pwani kuna swali moja ambalo makala za Ulaya haziligusi, nalo litaulizwa siku ya kwanza: kitu hiki kimetoka kwa mnyama gani? Si swali la ujinga. Ipo bidhaa inayotumika kwenye matibabu ya fizi ambayo imetengenezwa kwa protini za enameli ya nguruwe, na mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kuwekewa. P11-4 haitokani na mnyama yeyote. Hutengenezwa maabara kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Zile krimu za meno zenye peptidi za maziwa, zilizotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, hutokana na kaseini ya maziwa ya ng'ombe, hivyo hazifai kwa mwenye mzio wa protini za maziwa. Mhudumu anayejua tofauti hizi ataaminiwa. Asiyezijua afadhali aseme atauliza, kuliko kubabaisha mbele ya bibi aliyemleta mjukuu wake.

Pamoja na uzuri wote huo, peptidi si jambo la kuagizwa leo kwa ajili ya hospitali za wilaya za pwani. Kuna wanaosema hivyo kwa sababu ya bei, na hawajakosea. Sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba dawa hii hutibu kitu ambacho karibu hakuna anayekitafuta. Madoa meupe hayamleti mtu hospitali. Mtoto mwenye doa hana maumivu, mama yake hana wasiwasi, na daftari la kituo lina nafasi ya jino lililong'olewa na jino lililozibwa. Tone la peptidi likiwekwa kwenye jokofu la kituo ambacho wagonjwa wake wote wana matundu, litapitwa na tarehe ya matumizi likiwa halijafunguliwa. Peptidi haizibi tundu. Haiponyi kiini kilichooza. Mgonjwa aliyeshika shavu hana lolote la kupata kutoka kwayo, na ni ukatili kumwambia vinginevyo.

Wala haimfai kila mwenye enameli iliyoharibika. Katika mikoa ya bonde la ufa na pembezoni mwake, Arusha, Kilimanjaro, Singida, kuna watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya kunywa maji yenye floridi nyingi utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande nayo yamehusishwa na tatizo hilo. Wapo pia wale ambao enameli yao iliharibiwa kwa mikono ya watu. Tangu miaka ya 1980 na 1990 madaktari wa meno nchini wameandika kuhusu imani ya meno ya plastiki, ambapo mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hukatwa fizi na kung'olewa vichipukizi vya meno kwa madai kwamba ndivyo vinavyomletea ugonjwa. Mtoto aliyenusurika na damu na maambukizi huweza kukua akikosa chonge, au akiwa na meno ya kudumu yenye kasoro. Hakuna peptidi iliyoundwa kwa ajili ya jeraha hilo. Kinachohitajika hapo ni muuguzi mwenye subira, anayeweza kumweleza mama kwamba kilichovimba ni jino la kweli na kwamba kinachomuua mtoto ni upungufu wa maji mwilini.

Basi kama si kununua, ni nini? Jibu moja linapatikana katika historia ya nchi hii yenyewe, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wanaosomea afya hawaijui. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii ulioendeshwa na shule hiyo ya meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake walikabili tatizo la kawaida la vijijini: hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, mashine ya kuchimba haina maana. Wakaacha mashine. Wakatumia vyombo vya mkono kukwangua sehemu laini iliyooza, kisha wakaziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Baadaye ikatumiwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo hutoa floridi kidogo kidogo. Majaribio yakafanyika Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Leo inafundishwa katika nchi tajiri kwa ajili ya watoto wanaoogopa sindano. Ilizaliwa Tanzania.

Somo la historia hiyo kwa wenye kusisimkia peptidi ni hili: njia ile haikufika vijijini kwa kushushwa kutoka Ulaya ikiwa imekamilika. Ilianzia kwenye kasoro za mahali penyewe. Kama peptidi zitakuja kuwa na manufaa kwa mtoto wa Chambezi au Kiromo, majaribio yafanyike kwa mtoto wa Chambezi na Kiromo, kwa ulaji wake, maji yake na mate yake, yakisimamiwa na madaktari wa vyuo vya hapa, si kwa kungoja matokeo ya Leeds na Ujerumani yatafsiriwe. Bagamoyo si ngeni kwa utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi mjini humo, na wananchi wake wameshiriki katika majaribio ya chanjo za malaria zilizosifiwa duniani kote. Wanajua fomu ya ridhaa ni kitu gani. Watu waliotoa damu yao kwa ajili ya chanjo wanaweza kufunua midomo kwa ajili ya meno.

Lakini utafiti huchukua miaka, na gego la kwanza la kudumu halingoji. Huchomoza mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utoto litakalotoka lenyewe. Enameli yake ikiwa changa huyeyuka kwa urahisi kuliko ya jino lililokomaa, na mashimo yake ya juu hunasa chakula. Umri huo huo ndio mtoto anaanza shule na kupewa sarafu ya kwanza mkononi. Nje ya lango kuna ubuyu uliopakwa sukari na rangi, kashata, barafu za maji ya sukari, maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Hakuna haja ya kuvilaani vyakula hivi. Ubuyu na ukwaju ni sehemu ya pwani kama mnazi. Kinacholiumiza jino zaidi ni kula mara kwa mara kutwa nzima, kiasi kwamba mate hayapati nafasi ya kurudisha yaliyopotea. Kashata moja baada ya chakula cha mchana ina madhara madogo kuliko pipi inayonyonywa kuanzia kipindi cha kwanza hadi kengele ya mwisho.

Kabla ya peptidi, pwani hii inahitaji jicho. Kliniki ya mama na mtoto humwona kila mtoto akipimwa uzito na kuchanjwa. Kumwambia mama, "Mfunue mdomo kidogo, mama, tumtazame meno," kufuta meno ya mbele kwa shashi na kutazama mstari ulio karibu na fizi ni kazi isiyofika dakika moja. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kufundishwa kulitambua gego jipya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kulitaja doa jeupe kwa jina lake, ili mama ajue kwamba si mabaki ya maziwa. Na daftari la kituo lipate safu ya doa jeupe, kwa kuwa kisichoandikwa hakiagiziwi dawa.

Doa likionekana, zipo dawa tayari, na hazihitaji kungoja maabara yoyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliongeza kwenye orodha yake ya dawa muhimu saruji ya glasi ayonoma na dawa ya fedha-floridi, ambayo hupakwa kwenye jino lililooza na kusimamisha uozo, ingawa huliacha na weusi ambao mzazi lazima aelezwe mapema. Vanishi ya floridi hupakwa mara mbili kwa mwaka. Na ipo dawa ya meno ya kawaida yenye floridi, iliyo kwenye kila duka la mtaani: kwa mtoto wa chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, kwa mkubwa kidogo kiasi cha punje ya mbaazi, asubuhi na kabla ya kulala, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti, ambao wazee wa pwani wameutumia kwa karne nyingi na ambao una heshima ya dini, husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu. Hakuna anayetakiwa kuuacha. Pakeni dawa ya floridi baada yake, wazee wangeweza kuambiwa, na wangekubali, mradi asiyewaambia kwa dharau.

Onyo moja linafaa kutolewa wazi. Neno peptidi limeanza kutumiwa kuuzia vitu. Dawa ya meno iliyoandikwa kwamba hujenga enameli inaweza kuwa na kitu kidogo sana cha maana ndani yake, au isiwe nacho kabisa, na baadhi ya dawa za aina hiyo hazina floridi. Mama anayeacha dawa ya bei ndogo yenye floridi, akajibana kununua bomba la bei kubwa lisilo nayo, amempunguzia mwanawe kinga huku akiamini amemwongezea. Mfamasia au muuza duka la dawa akiulizwa, atazame kwanza kama floridi imeandikwa kwenye boksi na kwa kiasi gani; kiasi kinachopendekezwa ni kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Yanayobaki kwenye boksi hilo ni rangi na ladha.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia peptidi katika wilaya ambayo wagonjwa wake hungoja kung'olewa ni anasa. Hoja hiyo ilitolewa pia kuhusu mambo mengine ambayo sasa ni ya kawaida. Tofauti ni mahali pa kuanzia. Siku ambayo muuguzi wa zahanati ya Mapinga ataweza kuandika daftarini kwamba wiki hii ameona watoto kadhaa wenye madoa meupe, na kwamba wale wa miezi 6 iliyopita madoa yao yamefifia au hayakufifia, siku hiyo kutakuwa na watu wa kulinganisha nao tone la peptidi na vanishi ya floridi, na jibu litakuwa la Mapinga. Hadi hapo, chupa ndogo kutoka Uswisi ikifika Bagamoyo itakutana na mgonjwa yule yule aliyeshika shavu, naye atauliza kama jino linaweza kutoka leo leo.